Weka Mkasi Chini: Maswali ya Wakusanyaji Stempu

Barua za mwezi huu zimetoka Tanga hadi Muscat, na nyingi zinamhusu mtu aliyekwisha kuzipata stempu ila hajui aanze nazo vipi. Tumezifupisha. Picha zilizoambatanishwa zimetusaidia sana; mkituandikia tena, pigeni picha ya mbele na ya nyuma.

Baada ya arobaini ya babu tulifungua sanduku lake tukakuta bahasha kuukuu nyingi. Nyingine zina stempu ya meli yenye maandishi ya Kijerumani, nyingine za mfalme zilizopigwa herufi G.E.A. Mjomba anataka tuzikate stempu tuzipange kwenye albamu. Ni sawa? *(Mjukuu, Tanga)*

Msalimieni mjomba, na mwombeni aweke mkasi chini. Stempu ya meli ni ya Afrika Mashariki ya Kijerumani. Picha hiyo ya Hohenzollern, meli ya Kaisari, ilianza kutumika hapa 1901, thamani zikiandikwa kwa pesa na rupia (rupia 1 ilikuwa pesa 64); kuanzia 1905 zikatoka za heller, 100 kwa rupia. Ikishabanduliwa, stempu ya thamani ndogo ya aina hii ni ya kawaida kabisa. Ikibaki juu ya bahasha, na muhuri wa Tanga, Lindi, Bagamoyo au Wilhelmsthal (ndiyo Lushoto ya leo) ukasomeka pamoja na tarehe, basi inaeleza barua ilitoka wapi, lini, kwa nauli gani na ilipita njia ipi. Habari hiyo ndiyo wanunuzi na watafiti wanayoitafuta, na mkasi ukishapita hairudi.

Zenye G.E.A. ni stempu za Mfalme George V za Afrika Mashariki na Uganda, zilizopigwa herufi hizo kuanzia 1917 baada ya Waingereza kuitwaa nchi. Zilifuatwa na stempu za Tanganyika zenye kichwa cha twiga mwaka 1922. Kwenye bahasha za miaka ya vita angalieni ubavuni: kama kuna ukanda wa karatasi uliobandikwa au muhuri wa wakaguzi wa barua, usiguswe. Huo ni ushahidi kwamba barua ilifunguliwa na kusomwa na jeshi, na huiongezea bahasha thamani.

Kazi ya kufanya sasa ni hii. Naweni mikono, mkaushe. Toeni pini na klipu zote, maana zikishika kutu hula karatasi, na kwenye hewa ya Tanga hazichukui muda. Barua ya ndani ibaki na bahasha yake; zipeni namba moja, kwa penseli laini, kwenye karatasi ya pembeni na wala si juu ya bahasha yenyewe. Pigeni picha pande zote mbili. Kila bahasha iingie kwenye mfuko wa plastiki ya poliesta au polipropilini. Msipige pasi, msitumie selotepu, na kama kuna selotepu ya zamani iliyogeuka njano msiivute, kwa kuwa huondoka na uso wa karatasi. Tena, kabla wazee hawajamalizika, waulizeni waliotajwa kwenye anwani ni akina nani na waliishi wapi. Bahasha yenye historia ya mwandishi wake ni kitu kingine kabisa.

Nina furushi la stempu zilizokatwa pamoja na karatasi ya bahasha. Nimejaribu kuziloweka, nyingine zimechanika, nyingine zimejikunja kama ganda la mdalasini, na mbili zimegeuka waridi. Nakosea wapi? *(Dada wa Morogoro)*

Kuna makosa matatu tofauti hapo, tuyatenganishe.

Zilizogeuka waridi zimepakwa rangi na bahasha. Kabla ya maji, chambua. Weka kando stempu zote zilizo juu ya bahasha nyekundu, kijani au kaki, na zote zenye muhuri wa wino wa zambarau, ule wa mpira wa ofisini. Kila rangi na bakuli lake, chache kwa wakati mmoja, maji yakibadilika rangi yamwagwe mara moja.

Zilizochanika ulizivuta. Punguza karatasi ibaki kama sentimita 1 kuzunguka stempu, usikaribie meno ya ukingo wake. Jaza bakuli maji safi ya baridi au ya uvuguvugu. Ya moto hulegeza rangi kabla ya gundi. Elekeza stempu juu, karatasi chini, 20 hadi 30 kwa bakuli ili zisigandamane. Subiri dakika 15 hadi 30. Gundi ikiyeyuka stempu huteleza yenyewe ukiigusa kwa kidole. Ikikataa, irudishe majini, usibishane nayo. Ikishatoka ihamishie kwenye bakuli la pili la maji masafi kwa dakika 5 hadi 10, kisha pitisha kidole mgongoni: ukihisi utelezi, gundi bado ipo. Hatua hii ndiyo watu huiruka, halafu wanashangaa stempu imegandia kwenye karatasi ya kukaushia.

Zilizojikunja zilikaushwa zikiwa huru, pengine juani. Karatasi ya stempu hutanuka ikilowa na kusinyaa isivyo sawa ikikauka, mgongo na uso havilingani. Zilaze kifudifudi, mgongo juu, kwenye kitambaa cheupe cha pamba au karatasi nyeupe ya kunyonya maji. Gazeti halifai, wino wake hupaka. Baada ya saa moja hivi, zikiwa na unyevunyevu kidogo tu, zipange katikati ya karatasi nyeupe kavu na uweke vitabu vizito juu hadi kesho yake. Stempu iliyolowa hubebwa kwa kibano chenye ncha bapa zisizo na meno. Kibano cha nyusi hutoboa.

Tahadhari moja kubwa. Stempu nyingi za makoloni ya Uingereza za enzi za Edward VII na George V, hasa za zambarau na za kijani, zilichapwa kwa wino uliokusudiwa kuyeyuka, ili mtu asiweze kufuta muhuri na kuitumia stempu mara ya pili. Baadhi ziko kwenye karatasi iliyopakwa chokaa juu. Hizo ukizitia majini, zambarau hufifia na kijani hugeuka rangi. Ziache juu ya karatasi zake. Kama ni lazima zitoke, tumia kasha la unyevu: chombo cha plastiki chenye kifuniko, sponji iliyolowa na kukamuliwa chini, wavu wa plastiki juu yake, stempu juu ya wavu bila kugusana na maji. Angalia kila saa. Gundi hulegea kwa mvuke peke yake.

Stempu za siku hizi za hapa Canada hazitoki kabisa hata zikilala majini usiku kucha. *(Msomaji, Toronto)*

Hizo ni za kujibandika, na gundi yake haina tabaka la kuyeyuka majini. Za Marekani nyingi ziko hivyohivyo. Zikate na karatasi yake, uache milimita 5 kila upande, uzihifadhi hivyo. Hiyo imekuwa desturi inayokubalika, na stempu haipungui kitu.

Albamu yangu inanuka uvundo na madoa ya kahawia yameanza kwenye meno ya stempu. Stempu mpya zimegandia kwenye kurasa. Naishi karibu na bahari. *(H.M., Mombasa)*

Hili ndilo adui mkuu wa mkusanyaji wa pwani, kuliko wezi na kuliko wadudu. Madoa hayo ya kahawia yanaletwa na kuvu, na kuvu inahitaji vitu viwili tu: unyevu na chakula. Gundi ya stempu ni chakula kizuri. Hewa ya Mombasa, Tanga au Unguja huzidi asilimia 70 ya unyevu muda mwingi wa mwaka. Karatasi inataka kama 50.

Leo hii zitenge zenye madoa, zikae kwenye kitabu chao. Doa halifutiki bila kuumiza stempu. Usithubutu kutumia jiki: hula nyuzi za karatasi, hufifisha rangi, na mnunuzi mwenye taa ya urujuanimno (UV) huona alama yake papo hapo.

Zilizogandia kurasani usizikwangue. Kwa stempu zenye gundi yake kamili kuna njia ambayo wakati mwingine hufaulu: kata kipande cha ukurasa chenye stempu, kitie kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, uweke kwenye jokofu la barafu kwa saa kadhaa. Gundi ikikauka kwa baridi hukakamaa, na stempu hubanduka ukiukunja ukurasa taratibu. Ukiutoa, usifungue mfuko mpaka upate joto la chumba, vinginevyo umande utatua juu ya stempu na umerudi ulikoanzia.

Kisha badili makazi. Albamu za picha zenye kurasa za kunata na plastiki laini zinazonuka kama pazia la bafuni ziondoke kabisa. Plastiki ya PVC hutoa vilainishi vyake polepole, navyo huvuta rangi ya stempu. Nunua vitabu vya stempu vyenye karatasi isiyo na asidi na vibanzi vya uwazi vya polipropilini. Visimame wima rafuni na nafasi kidogo kati yake. Vikilazwa vikarundikana, uzito hukandamiza gundi na hewa haipiti. Rafu isiegemee ukuta wa nje wala wa bafu.

Ndani ya sanduku linalofunga vizuri weka vifuko vya silika, vile vinavyobadilika rangi vikijaa maji. Vikibadilika, silika ya punje hukaushwa kwenye ovena ya joto la nyuzi 120 kwa saa mbili hivi, ikapoa ndani ya chupa iliyofungwa, ikarudi kazini. Silika iliyosahauliwa ikiwa imejaa haina kazi yoyote. Kipimo kidogo cha unyevu cha kuweka ndani ya sanduku si ghali na hukuondolea kubahatisha. Kila mwezi, siku kavu yenye upepo, fungua kurasa zote zipate hewa, chumbani, mbali na jua. Dawa ya nondo ya dukani usiweke. Mvuke wake hushambulia baadhi ya plastiki.

Nina stempu mbili za Kenya, Uganda na Tanganyika za Mfalme George VI, picha moja, thamani moja, rangi moja. Katalogi inazipa bei zilizoachana mno na kutaja 13¼ na 13 x 11¾. Hizo namba ni nini? *(Mwalimu mstaafu, Nakuru)*

Shikamoo Mwalimu. Ni idadi ya vitobo katika sentimita 2 za ukingo. Namba moja ikitajwa, pande zote ni sawa. Zikitajwa mbili, ya kwanza ni ya juu na chini, ya pili ni ya ubavuni. Toleo hilo lenye korongo, simba na Ziwa Naivasha lilianza 1938 na likaendelea hadi 1954. Katikati vita vikaingia, mashine za kutobolea zikabadilika, na picha ileile ikatoka na meno tofauti. Kwa hiyo wakusanyaji wa toleo hili hupima kila stempu, hata ile iliyotoka kwenye mfuko wa senti.

Rula ya kawaida inatosha kutenganisha 14 na 11¾. Kwa robo na nusu unahitaji kipimo cha meno, yaani kadi yenye safu za nukta, kila safu na namba yake. Ukikichapa mwenyewe kutoka kwenye kompyuta, hakikisha printa imewekwa asilimia 100 bila kurekebisha ukubwa wa ukurasa, kisha upime mstari wake wa sentimita 2 kwa rula kabla ya kukiamini. Laza stempu juu ya safu za nukta uisogeze mpaka kila nukta ikae katikati ya kitobo kuanzia pembe hadi pembe. Nukta zikianza sawa na kuishia pembeni, hiyo si namba yako. Pima upande mrefu na mfupi. Watu hupima mmoja wakatosheka.

Mama ameniachia stempu za India za Malkia Victoria zilizopigwa neno ZANZIBAR. Moja inasomeka "Zanzidar". Mfanyabiashara mmoja anaitaka haraka. Niuze? *(Msomaji, Muscat)*

Kwanza, haraka ya mnunuzi isiwe haraka yako. Hizo ni stempu za mwanzo kabisa za Zanzibar. Posta ya India ilikuwa na ofisi Unguja kwa miaka mingi na stempu za India zikatumika hivyohivyo zilivyo. Novemba 1895 posta hiyo ilipopita mikono mingine, akiba ya stempu za India ikapigwa neno ZANZIBAR hukohuko Unguja, kwenye kiwanda cha gazeti la Zanzibar Gazette. Herufi zilipangwa kwa mkono, ndiyo maana makosa kama "Zanzidar" na "Zanizbar" ni ya kweli na yanajulikana. Mwaka 1896 zikaja zenye sura ya Sultani Hamed bin Thuwain.

Tatizo ni kwamba stempu ya India isiyo na maandishi haina bei kubwa, na neno moja jeusi huipandisha. Waghushi walilijua hilo zamani sana, na makosa ya herufi ndiyo waliyoyaiga zaidi. Kwa lenzi ya mara 10 fanya uchunguzi huu. Tazama pale wino wa muhuri unapokutana na herufi za ZANZIBAR. Neno lilipigwa kabla stempu haijauzwa, kwa hiyo muhuri lazima uwe juu yake. Ukiona herufi zimelala juu ya muhuri, neno limeongezwa baadaye, na mjadala umekwisha. Soma tarehe na mji: muhuri wa Bombay, au tarehe kabla ya Novemba 1895, unatoa jibu lilelile. Linganisha umbo la Z na R na picha kubwa za stempu zilizothibitishwa, ukipima urefu wa neno zima. Geuza mgongo: stempu hiyo ya India inatakiwa kuwa na alama ya maji (mchoro uliomo ndani ya karatasi) ya nyota. Ila mghushi mwerevu hutumia stempu halisi ya India, basi nyota hukupa sababu ya kuendelea kuchunguza tu.

Ikivuka hayo yote, usiuze "Zanzidar" bila cheti. Kamati ya wataalamu ya Royal Philatelic Society London hutoa vyeti vyenye picha ya stempu yenyewe, na gharama yake hulingana na thamani. Na stempu za India zisizo na neno lolote lakini zenye muhuri wa Zanzibar, kama zimo humo, usizitupe. Nazo hutafutwa.

Onyo hilohilo liwafikie wenye stempu za JAMHURI 1964. Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari stempu za Sultani zilipigwa maneno hayo kwanza kwa mhuri wa mkono, ndipo zikafuata zilizochapwa kwa mashine. Za mkono zimepinda, nzito hapa na hafifu pale, na ni rahisi mno kuigiza. Nunua zilizo juu ya bahasha yenye muhuri wa miezi ile.

Stempu za Tanzania zenye wacheza sinema na katuni ni za kweli? *(Kijana, Arusha)*

Nyingi ni za kweli. Miaka ya 1980 na 1990 zilitolewa kwa wingi kupitia mawakala wa ng'ambo kwa ajili ya wakusanyaji, na chache ziliwahi kusafiri na barua. Utazitambua zikiwa na muhuri safi wa robo duara pembeni huku gundi ikiwa kamili mgongoni: zilipigwa muhuri kiwandani. Bei yake ni ndogo na tunaona itabaki ndogo. Zipo pia za uongo, zenye jina la nchi ambayo posta yake haikuzitoa kamwe. Kwa za 2002 na kuendelea, tafuta kwenye orodha ya WNS inayohusishwa na Umoja wa Posta Duniani. Posta ambazo hazisajili zipo, kwa hiyo kutokuwemo ni dalili ya kukufanya uulize zaidi, haitoshi kuwa hukumu.

Katalogi inasema pauni 40, duka linanipa 5. Naibiwa? *(Msomaji, Kampala)*

Si lazima. Bei ya katalogi ya Stanley Gibbons, wafanyabiashara wa stempu wa Uingereza, ni ile ambayo duka lao lingekuuzia wewe stempu iliyo katika hali nzuri. Mfanyabiashara anayenunua lazima abaki na faida na mzigo unaokaa miaka rafuni. Halafu jino moja lililokatika, au mgongo uliochunika mahali ilipobanduliwa kutoka albamu, hushusha bei kuliko watu wanavyodhani. Shika stempu kwenye mwanga: pale panapong'aa kuliko pengine karatasi imekonda. Za thamani kubwa za Afrika Mashariki zichunguzwe pia kwa taa ya urujuanimno. Nyingi zilibandikwa kwenye hati za serikali, zikasainiwa kwa kalamu, wino ukasafishwa na muhuri bandia wa posta ukapigwa juu. Chini ya taa hiyo, mkwaruzo wa kalamu hurudi.

Nataka kuanzisha klabu shuleni bila bajeti. Stempu nitazipata wapi? *(Mwalimu, Iringa)*

Masjala. Ofisi zenye S.L.P. na washirika wa nje, yaani hospitali za misheni, majimbo ya kanisa, vyama vya ushirika na mashirika ya misaada, hupokea bahasha zenye stempu na kuzitupa. Peleka boksi lenye jina la shule umkabidhi mhudumu wa masjala, si bosi, na ueleze kwamba bahasha isichanwe kwenye kona ya juu kulia. Stempu mpya za Tanzania huuzwa na Shirika la Posta kwa bei iliyoandikwa juu yake.

Vifaa vya kuanzia ni vibano vinne, lenzi mbili, mabakuli mawili na kitabu kimoja cha stempu cha kurasa 16. Watoto wasipewe gundi. Stempu zilizotumika hushikiliwa kwa vikaratasi maalumu vyenye gundi hafifu. Visipopatikana, bahasha ndogo za karatasi nyeupe zinatosha. Kila mtoto achague jambo moja, ndege au reli au Uhuru, apange stempu 12 kwenye karatasi moja ya A4 na kuandika chini ya kila moja nchi, mwaka na kinachoonekana. Maonyesho yakiwa tarehe 9 Oktoba, Siku ya Posta Duniani, meneja wa posta ya mji mara nyingi hufurahi kualikwa.

Nabadilishana na rafiki aliyeko Oman. Barua mbili zimefika stempu zikiwa zimekunjika. *(Msomaji, Pemba)*

Mashine za kuchambulia barua huzikunja bahasha. Panga stempu kwenye kadi nyembamba yenye vibanzi vya uwazi, itie kwenye mfuko mdogo wa plastiki dhidi ya mvua, kisha iweke kati ya vipande viwili vya kadibodi vilivyokatwa vipungue milimita 5 kuliko bahasha. Nyuzi za kadibodi moja ziende wima, za nyingine ulalo, hapo haikunjiki upande wowote. Unene wote usizidi milimita 5. Selotepu isiguse kadi yenye stempu. Ukifunga, kunja ncha ya selotepu ili mpokeaji asilazimike kutumia kisu. Orodha ya stempu na namba zake iwe ndani, na nakala ibaki kwako. Omba dirishani fomu ya forodha ya CN22, maana stempu za kubadilishana huhesabiwa kuwa bidhaa, na uombe barua isajiliwe.